Mficha Uzima

Mpaka saa mbili ya asubuhi ile, Mzee Burashi alikuwa na miguu miwili mizima, tena ya kupigiwa mfano. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na bado alipanda ngazi ya mbao na ndoo ya rangi mkononi, akapaka kuta za ghorofa ya tatu huku anapiga mluzi. Jina la Burashi alipewa na mafundi wenzake, likamganda mpaka lile la kuzaliwa likasahaulika. Saa mbili na dakika chache, pale ufukweni walipokuwa wakisubiri mashua, mkewe alimvuta nyuma ya magunia ya unga, akamnong'oneza kwamba amepooza.

"Nani kapooza?"

"Wewe."

"Lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kuanzia kiunoni kwenda chini. Keti hapo juu ya gunia, baba Kidege, usisimame tena. Yule bwana wa mkoba mweusi anayekuja kule ndiye Karani wa uhamisho."

Mzee Burashi aliketi. Hakuketi kwa kukubali, aliketi kwa mshangao.

Mambo yalikuwa hivi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, waliyemwita Kidege tangu alipokuwa anatambaa. Kidege alisomea uuguzi, na alipomaliza serikali ikampeleka kisiwa cha mbali kisichokuwa na umeme, duka, barabara wala mtandao wa simu. Mashua ya injini ilikwenda huko mara moja kwa mwezi, ikalala siku mbili, ikarudi. Aliambiwa atakaa mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa tatu. Kila mashua ilileta barua yake fupi: mimi sijambo, msiwe na wasiwasi. Mama yake, ambaye alishona sare za shule na kujua kusoma mshono wa ndani, aliamini kwamba mtoto anayekwambia usiwe na wasiwasi ana jambo. Kisha ikaja picha. Kidege amekonda, yuko pekupeku, jua limemchoma mpaka masikio.

Mama mtu alikwenda ofisi ya uhamisho mara tatu. Mara zote alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka wafagizi wakaanza kufagia miguuni pake, na mara zote aliambiwa hana sababu ya kutosha. Mara ya nne akaenda na sababu. Mtu anayeshona sare arobaini kwa wiki hashindwi kushona uongo mmoja. Mumewe aliambiwa tu kwamba wanakwenda kumtembelea mtoto.

"Mbona hukuniambia?" Mzee Burashi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ungekataa."

"Na sasa je, unadhani nitakubali?"

"Karani huyo hapo kafika. Kataa."

Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alimwinamia mzee kwa huruma ya kweli. "Shikamoo, mzee. Pole sana. Kumbe ndiyo hali yenyewe hii."

Mzee Burashi alimtazama Karani, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amefumba macho. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kumtupia mwenzake jiwe. Miaka mitatu sasa, kila alipofika nyumbani jioni na nguo za kazi, alikuwa bado anaita "Kidege!" kabla ya kuvua viatu, halafu anakumbuka. Nyumba ilikuwa imekuwa kubwa kuliko wakazi wake.

"Marahaba," alisema. "Ndiyo hali, mwanangu. Tumshukuru Mungu."

Uongo ulimtoka kirahisi mpaka akaona haya.

*

Kisiwa kilikuwa hakina gati. Mashua ilisimama mbali, maji yanapofika kiunoni, na kila kitu kilichotakiwa kufika nchi kavu kilibebwa na mtu mmoja mpana wa mabega ambaye, kwa sababu hiyo hiyo, watu walimwita Gati. Gati alibeba unga, mafuta ya taa, mbuzi, na maharusi. Siku ile alianza na Karani, aliyekuwa ametapika njia nzima na sasa amemkumbatia shingo kama mtoto anayeachishwa ziwa. Akarudi kumchukua mzee.

"Huyu baba yake Nesi? Huyu simbebi kama mzigo," alisema. "Huyu namchukua taratibu."

Mzee Burashi hakuwahi kubebwa tangu alipojua kutembea. Alijipweteka mgongoni kwa mtu yule, miguu ikining'inia, vidole vinaburuzika majini, naye anavizuia visipige maji kwa raha yake ya zamani ya kuogelea. Maji yalikuwa maangavu hata aliona samaki wadogo wenye mistari wakipita chini ya nyayo zake. Mbele yao hapakuwa na kitu kilichojengwa: mchanga mweupe, miti iliyoinama kuelekea baharini, ndege wanaopiga kelele, na moshi mmoja mwembamba. Moyoni alisema ni pahali pazuri mno. Kisha akakumbuka kwamba amekuja kupachukia.

Kidege alikuja mbio kutoka kwenye miti, pekupeku, gauni la kazi limekunjwa mpaka magotini, anacheka na kupiga kelele, "Mama! Baba! Mbona hamkuniambia?" Akaiona miguu ya baba yake inavyoning'inia. Kicheko kilimkauka. Alisimama ndani ya maji kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Baba amekuwaje? Mama, baba amekuwaje?"

Mama alitakiwa aseme maneno aliyoyapanga. Badala yake alimkumbatia mwanawe na kulia, na kilio kile hakikuwa cha kushona, kilikuwa cha miaka mitatu. Watu wa kisiwani waliokuja kupokea mizigo wakaanza kulia pia kwa kuwahurumia. Mzee Burashi, juu ya mgongo wa Gati, alitamani bahari immeze.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la bati, vitanda viwili, kabati la dawa, na nyuma ya pazia chumba cha Nesi. Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umechubuka, chokaa inatoka vipande vipande kwa chumvi. Hata katika fedheha ile, jicho la mzee liliukimbilia ukuta kwanza.

Kidege alimlaza, akawaambia watu watoke, ila Karani akabaki kwa kuwa ni wa serikali. Alimpiga baba yake chini ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mzee Burashi alikaza mguu kwa nguvu zake zote. Alimgusa wayo kwa ncha ya pini. Mzee aliuma meno, jasho likamtoka kwenye kipara. Akampanua vidole vya miguu kimoja kimoja, akavitazama kwa muda, kisha akamfunika shuka mpaka kifuani.

"Apumzike," alisema, na sauti yake haikuonyesha kitu.

Ndipo Karani akafungua mkoba. Alisoma barua ya uhamisho kwa sauti, pamoja na kumbukumbu namba na tarehe. Nesi anarudishwa mjini, hospitali iliyo karibu na nyumbani kwao, ili amhudumie mzazi. Kilichobaki ni kuhesabu mali ya zahanati, kuifunga, na Nesi kuweka sahihi kabla mashua haijaondoka keshokutwa.

"Na hapa atakuja nani?" Kidege aliuliza.

"Atatafutwa."

"Lini?"

"Akipatikana," Karani alisema, na yeye mwenyewe hakulipenda jibu lake, maana alianza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi.

*

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwahi kukutana na mficha uzima. Maradhi unayaficha unapotembea, uzima unauficha hata umelala. Siku nzima iliyofuata Mzee Burashi alilala chali, mtu ambaye hajawahi kulala mchana, akitazama ukuta uliochubuka na kujua kabisa dawa yake: ukwanguliwe wote, uoshwe kwa maji ya mvua, uachwe ukauke, ndipo upakwe. Vidole vilimwasha.

Karani alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, anahesabu bandeji na kuandika. Siafu mmoja alipanda mguu wa kitanda, akapanda mguu wa mzee, akapita kifundo, akapita ugoko, akafika nyuma ya goti, akauma.

"Bandeji kubwa, kumi na saba," alisema Karani.

Machozi yalimjaa mzee. Siafu akauma tena.

"Mzee, unalia?"

"Nawaza," alisema Mzee Burashi.

Karani alimtazama uso, akatazama mguu, akarudi kwenye bandeji.

Kwenda chooni ilikuwa aibu ya peke yake. Gati alikuja mara nne, bila kuitwa mara mbili, akambeba kwenye njia ya mchanga iliyofagiliwa, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. Alimweka kwa adabu, akageuka akatazama bahari, akamsubiri. Mzee alipomwomba radhi kwa usumbufu, Gati alicheka.

"Usumbufu gani, mzee? Binti yako kakesha kwangu mara ngapi! Mke wangu alipoteza watoto wawili kabla Nesi hajaja. Walikufa siku ya kuzaliwa, wote wawili, hapana mtu wa kujua la kufanya. Sasa ana mwingine tumboni, mwezi ujao. Godoro unalolalia ni lake. Kasema yeye mgongo hauumi, mzee ndiye alalie."

"Na Nesi akiondoka?"

Gati alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kumwekea mgeni mzigo kifuani. "Nesi akiondoka tutashukuru kwa miaka mitatu," alisema. "Mzazi ni mzazi. Hapana mtu atakayemlaumu." Akamwinamia. "Haya, shika shingo."

Mzee alishika shingo. 

Mkewe alikuwa ametoka tangu asubuhi kuzunguka kisiwa. Alikwenda kukusanya ushahidi wa dhiki, ili roho yake itulie, na ushahidi aliupata tele. Alirudi alasiri, miguu imejaa mchanga, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wanateka maji kwenye shimo la jiwe, baba Kidege. Jiwe! Sabuni hakuna mpaka mashua ije. Nyumba hazina mlango, zina mkeka. Nimeuliza soko liko wapi, wamecheka mpaka wamekaa chini."

"Mbaya sana," alisema mzee.

"Mbaya sana," alisema mkewe. Alikuwa na sindano na uzi mkononi, na mapajani pake shati la mtu lililoliwa na chumvi. "Wamenipa nishone. Wanawake wanne hivi. Nimewaambia sina cherehani, wakasema kwani mkono haushoni?" Akatunga uzi. "Wanamwita mama. Umesikia? Bibi kizee hana hata jino moja, anamwita Kidege mama. Mtoto yule ambaye mimi namtafutia nguo za ndani."

Kwenye mlango uliokuwa wazi walimwona Kidege nje, chini ya mti, anamkaripia mzee mmoja aliyetupa vidonge kwa kuwa ni vichungu. Mzee yule alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. Kidege alimpa vingine, akasimama naye mpaka akavimeza, akamfungulisha mdomo aone. Hakuwa amekonda. Alikuwa amekomaa, na picha haikujua tofauti.

Mkewe aliyaona hayo hayo. Lakini aliendelea kushona kwa hasira, na sindano ikamchoma.

*

Asubuhi ya kuondoka, kabla jua halijapanda vizuri, Mzee Burashi alisikiliza. Mkewe alikuwa amekwenda shimoni kuoga. Karani alikuwa kwenye nyumba ya wageni, yaani nyumba ya mtu aliyehamia kwa ndugu yake. Zahanati ilikuwa kimya. Aliona kijiko cha dawa juu ya kigoda.

Alijiambia atakwangua kidogo tu, pale pembeni, aone kama mawe ya ndani ni mazima. Fundi wa rangi na ukuta unaochubuka ni kama ulimi na jino bovu. Alianza chini. Chokaa ikawa inatoka vizuri, kwa mabamba, na chini yake jiwe kavu. Akasimama. Akapanda juu ya kigoda. Alipokumbuka kuwa amepooza, alikuwa amekwangua mpaka karibu na bati, na anapiga mluzi.

"Kaza mkono pale kwenye kona, baba," alisema Kidege nyuma yake. "Pale ndipo panapovuja."

Mzee Burashi alishuka kigodani taratibu. Vumbi jeupe lilikuwa limemjaa kichwani. Hakupata pa kuweka kijiko.

"Mwanangu."

"Nilijua tangu juzi," Kidege alisema. Alikaa kitandani. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza baba yake zaidi. "Mguu uliopooza hulegea, baba. Wa kwako ulikuwa mgumu kama mpini. Halafu una rangi ya buluu katikati ya vidole, mbichi, ya wiki iliyopita. Mtu aliyepooza tangu mwezi wa tatu."

"Shule ya msingi," mzee alisema kwa unyonge. "Madarasa manane. Nimebakiza matano, shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu." Akakaa karibu naye. "Na mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya Karani, mama yangu aaibike? Mama, ambaye mteja akimwachia kitambaa cha ziada anamfukuzia barabarani kukirudisha!" Alikuwa anakunjakunja pindo la gauni. "Nimewaza siku mbili hizi. Mtu kama mama akisema uongo mkubwa namna hii, na wewe ukakubali kupelekwa chooni na mtu mwingine, basi mimi ndiye niliyewafanyia ubaya. Ugonjwa upo, baba, ila si wa miguu. Nitaweka sahihi. Nitarudi nanyi leo."

Hilo ndilo neno ambalo Mzee Burashi alilisubiri miaka mitatu. Alingoja furaha ije. Haikuja.

"Na wewe unataka nini?" aliuliza.

Kidege alitazama nje. "Mwaka wa kwanza nililia kila mashua ilipoondoka. Mwaka wa pili nikawa nasahau siku ya mashua. Mwaka huu ikija naangalia tu kama imeleta dawa." Alifuta jicho kwa kiganja. "Nawapenda, baba. Nikiwaona tu nataka kulala katikati yenu kama zamani. Lakini hapa nikiamka najua kwa nini nimeamka."

"Ungesema hivyo kwenye barua."

"Ningewaambiaje kwamba nina furaha, na nyinyi mko peke yenu? Si mngeona nimewasahau?"

Nje walisikia sauti ya mkewe anarudi, anaongea na Gati. Mzee Burashi alipanda kitandani haraka, akajifunika shuka. Mazoea ya siku mbili tu, na tayari mwili ulikuwa umeshajifunza uongo.

*

Karibu kisiwa kizima kilikuja ufukweni. Hawakuja kuomba kitu. Walimletea Nesi mikeka, chumvi, kasha la makombe ya bahari. Mke wa Gati alikuja tumbo mbele, amejishika kiuno, akampa mkono, na akakaa chini kwa kuwa kusimama kulimchosha. Karani alitandaza fomu juu ya gunia tupu, akaikandamizia jiwe isipeperuke. Mzee Burashi alikuwa ameketishwa kwenye kigoda, mkewe nyuma yake amemshika mabega.

"Hapa," Karani alisema, na kumpa Kidege kalamu.

Kidege alipiga goti kwenye mchanga.

Mzee Burashi alihisi mikono ya mkewe ikimbana mabega. Alijua akisimama atamvunjia heshima mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini na minne, mbele ya watu mia mbili. Alijua pia akikaa atarudi na binti yake nyumbani, na kila jioni atamwita, naye ataitika. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Ataitika, na akili yake iko huku.

Akasimama.

Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Nesi kamponya baba yake, na wengine wakapokea, na wanawake wawili wakaanza vigelegele. Ulikuwa mlango wazi wa kutokea. Mzee angeweza kuupita, akabebwa juu juu, na hakuna ambaye angeaibika.

"Hapana!" alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita vijana kutoka ghorofa ya tatu. "Nyamazeni, wanangu. Sikupona. Sikuugua. Miguu yangu ni mizima, ilikuwa mizima jana, na juzi nilipombebesha mtu wa watu uzito wangu. Nimewadanganya. Nilimtaka binti yangu arudi nyumbani, nikakosa njia ya kweli."

Hakumtaja mkewe. Mikono ya mkewe ilikuwa bado hewani, pale mabega yalipokuwa.

Gati alimtazama juu mpaka chini. Kila mtu alimtazama Gati.

"Mara nne za chooni, mzee," Gati alisema.

"Mara nne."

"Na hiyo ya saa kumi ulikuwa hata huna haja."

"Nilitaka kuona bahari," mzee alikiri.

Gati alianza kutikisika mabega, na ilipobainika kuwa ni kicheko, kisiwa chote kikacheka. Si kila mtu. Mke wa Gati hakucheka. Alikuwa anamtazama Nesi na ile kalamu.

Karani hakucheka pia. Alikuwa ameishika fomu mkononi na uso umemsawijika. "Mzee, mimi ndiye niliyegonga muhuri hapa. Nimeandika nimethibitisha. Nikirudi nikasema nimedanganywa, nitaulizwa nilithibitisha nini. Na Nesi pia ataulizwa." Alikaa juu ya mkoba wake. "Siafu yule nilimwona. Nilinyamaza. Kazi yangu ni fomu, si miguu."

"Siafu gani?" mkewe aliuliza.

Karani aliwaza. Kisha aliuchukua ule mstari wa sababu, akaufuta kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake polepole huku akisoma: mzazi amepata nafuu, ombi limeondolewa. "Nimekuona umesimama," alisema. "Hilo ni kweli, naweza kuapa. Nani aje kuniuliza ulianza lini?" Akampa Kidege kalamu tena. "Weka sahihi kwamba umeelewa."

Kidege aliweka sahihi. Jina likatoka limepinda.

Ndipo mama yake alipomjia. Mzee Burashi alijiandaa kwa lolote. Lakini mkewe alimpita yeye, akamwinua Kidege kutoka kwenye mchanga, akampangusa magoti kama alivyokuwa akimpangusa anapotoka kucheza.

"Fomu nilijaza mimi," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Baba yako hakujua mpaka tunapanda mashua. Mimi ndiye mwongo." Alivuta pumzi. "Nilidhani unateseka. Halafu nikaja, nikaona huteseki, nikaudhika. Mungu anisamehe. Niliudhika kwamba huteseki."

"Mama."

"Usiniambie nisiwe na wasiwasi tena. Niambie ukweli, hata kama ni kwamba una raha."

"Nina raha, mama. Ila nakukumbuka sana."

Mama aligeuka akamtazama mke wa Gati pale alipokaa, tumbo lilivyomshukia. Alilikadiria kwa jicho la mshonaji. "Huyu hamalizi mwezi," alisema. "Na wewe una mikono miwili tu. Nani atakushikia taa?" Alivua viatu vyake, akavishika mkononi. "Mimi nabaki. Mpaka mashua ijayo. Na mashati niliyoyaanza hayajaisha."

Kidege alipiga ukelele wa mtoto wa miaka sita na kumrukia mama yake shingoni, nusura waanguke wote wawili.

"Na mimi je?" Mzee Burashi aliuliza.

"Wewe una madarasa matano," alisema mkewe juu ya bega la binti yao. "Nenda kapake rangi, baba Kidege. Miguu unayo."

Alikwenda majini mwenyewe, suruali imekunjwa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na alitembea taratibu ili safari iwe ndefu. Akapanda mashua, akakaa karibu na Karani aliyekwisha kufumba macho mapema kwa kuiogopa bahari. Injini ikawaka.

"Tumekuja kuchukua mmoja," Karani alisema bila kufumbua macho, "tunaacha wawili. Sijui nitaliandika wapi."

Mzee Burashi alikuwa amekwisha inuka, amesimama nyuma ya mashua na mkono juu, tayari kupunga. Kule ufukweni wanawake wawili walikuwa wanapanda kuelekea kwenye miti, wameshikana mikono, wanaongea wote kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa anaonyesha kitu upande wa zahanati, mwingine anakataa, wakasimama kubishana, wakacheka, wakaendelea. Alingoja wageuke. Hawakugeuka hata mara moja, na yeye akafurahi mpaka akalia.